Chupa ya Novemba Kwenye Rafu ya Mama

Mdogo wangu Gwantwa anafanya kazi ya kupima bahari. Nikisema hivyo hapa Tunduma watu hunitazama mara mbili, kwa sababu sisi ni watu wa Ivuna, na bahari tuliyoijua utotoni ni ile ya kwenye ramani ya darasani, tena ramani yenyewe mchwa walikuwa wamekula upande wote wa mashariki. Mteja wangu mmoja wa Zambia, ambaye huniita bamayo, yaani mama, kila akija kununua chaja, aliniuliza bahari inapimwa kwa futi au kwa ndoo. Nikamwambia inapimwa ubaridi na chumvi. Akacheka mpaka akaondoka bila chaja, ikabidi nimkimbilie hadi kwenye foleni ya malori.

Acheke. Nimechoka kueleza kwa mdomo, ndiyo maana naandika.

Nianze na mama, maana bila mama habari hii haina kichwa. Mama yetu, Ferista, alizaliwa milimani Ileje, kwenye baridi na migomba. Alipoolewa na baba yetu, marehemu Boazi, akashushwa Ivuna, bondeni, kwenye joto na vumbi la chumvi. Kuhusu chumvi alichojua ni kwamba inauzwa dukani. Aliyemfundisha ni mama mkwe wake, bibi yetu, mwanamke asiyekuwa na subira na kiumbe yeyote, na hasira zangu nadhani nimezirithi kwake.

Kazi yenyewe si ya siri. Kiangazi, tope likishakauka, unakwangua udongo wenye chumvi, unautia kwenye chujio, unamimina maji juu yake, na chini yanadondoka maji makali. Hayo unayakusanya kwenye vibuyu, siku hizi kwenye madumu, mpaka yafikie ya kutosha kupika. Unachemsha hadi maji yaende zake hewani, chumvi ibaki chunguni.

Bibi alikuwa na amri mbili. Ya kwanza, chombo husuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale ya chumvi yatakayokaa ndani yake, wala si kwa maji ya kisima, kwa sababu tone la maji ya kisima likibaki linapunguza makali. Ya pili, chombo chenye maji ya chumvi hakikazwi. Unafunga kifuniko, halafu unakirudisha nyuma kidogo, robo ya mzunguko. Bibi alisema maji ya chumvi lazima yapumue, yakibanwa yatapasua chungu siku ya kupikwa. Mimi katika umri wangu wote sijaona chungu kilichopasuka kwa sababu hiyo. Lakini nani wa kubishana na bibi? Kwa hiyo nyumbani kwetu mkono ulizoea wenyewe, bila kuuliza kichwa: funga, rudisha. Funga, rudisha.

Gwantwa nilimpita miaka saba. Mimi niliondoka Ivuna mapema kwenda kutafuta maisha mpakani, yeye akabaki na mama, akikwangua udongo kiangazi na kusoma masika. Alikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini maji haya yanauma ulimi na yale hayaumi? Kwa nini yai linaelea humu na kule linazama? Mama alimjibu alipoweza, aliposhindwa alimpa kuni akachochee moto. Akafaulu, akaenda chuo cha maji, akaajiriwa Vwawa, akawa anazunguka na kisanduku chake kupima maji ya visima vya vijiji vya jirani, Nanyala leo, Ruanda kesho. Miaka minane aliomba nafasi za kusoma nje, na miaka saba alijibiwa samahani. Mwaka wa nane akapata, akaenda Norwei, na alipomaliza masomo akachukuliwa na kituo kimoja cha utafiti kwenye kisiwa cha kaskazini kabisa, kule ambako majira ya baridi jua halichomozi kwa miezi.

Kazi yake huko ni hii. Kila wiki anakwenda kwenye ghuba nyembamba iliyobanwa na milima ya barafu. Bahari ikiwa bado haijaganda wanatumia boti; ikishaganda wanapanda pikipiki za thelujini, wanatoboa barafu kwa keekee ndefu, na kwenye tundu wanashusha kipimo kilichofungwa kwenye kamba. Kipimo kinashuka mita hadi mita, kinaandika chenyewe baridi na chumvi ya kila kina. Maji ya huko yanafika nyuzi moja na kitu chini ya sifuri na hayagandi. Nilipomwambia mama hivyo nilitegemea ashangae. Akasema, “Si yana chumvi?” akaendelea kuchambua mboga.

Ila kipimo hakiaminiwi peke yake, kinaweza kuanza kudanganya taratibu bila mtu kujua. Kwa hiyo kila wiki wanachota pia maji yenyewe kutoka kina fulani, wanayaweka kwenye chupa ndogo za kioo, wanazitunza sandukuni, na majira yakiisha zinapimwa zote kwenye maabara. Chupa ndizo shahidi. Zikipingana na kipimo, kipimo ndicho kinachorekebishwa.

Siku ya kwanza kwenye boti, kabla hajaelekezwa lolote, Gwantwa alisuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale ya bahari. Mkuu wa kituo, mama mmoja mrefu asiyetabasamu ovyo, akamwuliza amefundishwa na nani. Gwantwa akasema, “Na bibi yangu.” Alitupigia simu siku hiyohiyo, na mama alizunguka kijiji kizima akitangaza kwamba Wazungu wanasuuza kama sisi.

Sasa ile chupa. Mwezi wa Novemba, siku moja kwenye boti, Gwantwa alichota maji ya mita sitini akajaza chupa mbili. Moja akaitia sandukuni pamoja na zingine. Ya pili akaiandika tarehe na kina, akaifunga kwa mikono yote miwili mpaka vidole vikamuuma, akaizungushia utepe wa gundi juu, kwa sababu ilikuwa inakwenda kupanda ndege na hakutaka imwagikie nguo. Krismasi akatua nayo Ivuna, imeviringishwa kwenye soksi. Zawadi ya mama.

Wengine huletewa viatu. Mama aliletewa maji. Na nisiwe mnafiki, mimi nilicheka, lakini mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye rafu, kati ya picha ya baba na Biblia. Kila mgeni alionyeshwa. Mchungaji aliomba aonje japo tone, apate cha kuhubiri. Mama akamwambia, kwa heshima zote, akahubiri vingine. Ile gundi haikumaliza mwezi, kifuniko cha betri cha redio kilikuwa kinadondoka na mama si mtu wa kuacha gundi ikae bure. Chupa yenyewe ikabaki palepale.

Gwantwa akarudi kazini, akamaliza majira. Mwezi wa sita chupa zikapimwa. Zote zilisema maji yana chumvi nyingi kuliko kipimo kilivyosema, na kwa jinsi chupa ilivyokuwa imekaa muda mrefu ndivyo tofauti ilivyokuwa kubwa. Mimi niliona ni tofauti ya kijinga, sehemu kidogo ya gramu kwenye kilo ya maji. Kwao ilikuwa kama nyumba kuungua. Maana yake, walisema, kipimo kimedanganya tangu vuli, na maji ya chumvi ya kutoka kusini, ambayo pia ni ya moto zaidi, yameingia ghubani kwa wingi na yanaila barafu kwa chini. Ikaandikwa ripoti, jina la Gwantwa likatangulia mengine yote. Mkuu wake akamwahidi usimamizi wa vipimo vya majira matano yanayofuata. Zilikuwa zimebaki wiki tano ripoti itiwe saini, naye akaja nyumbani likizo. Sijawahi kumwona amenenepa kwa furaha namna ile.

Ulikuwa mwezi wa saba, msimu wa chumvi. Nilifunga duka kwa siku nne, nikamwachia mume wangu Ambakisye mambo ya nyumbani, nikashuka na Gwantwa Ivuna. Asubuhi ya pili tulikuwa kwenye machujio na mama. Mama akajaza dumu, akafunga kifuniko, akakirudisha robo. Gwantwa naye akajaza la kwake, akafunga, akarudisha robo. Halafu akabaki ameinama, mkono juu ya kifuniko.

Niliona uso wake unabadilika. Nilidhani ameumwa na nge.

“Dada,” akasema, “njoo huku.”

Tulikwenda mpaka nyuma ya rundo la kuni.  Akaniambia, “Nilikuwa nafanya hivi. Kule. Kila chupa.”

“Unafanya nini?”

“Narudisha. Nafunga, halafu narudisha. Sikuwahi kuujua mkono wangu unafanya nini.”

Mimi sikusoma sana, lakini sikuhitaji kufafanuliwa. Sanduku la chupa, alishanisimulia, lilikaa miezi kwenye stoo yenye kipasha joto, hewa kavu, vifuniko vimelegea. Maji yanakwenda hewani, chumvi inabaki. Hiyo haihitaji Norwei, hiyo ndiyo kazi yetu tangu kwa bibi. Chupa zake zilikuwa zinapikwa polepole majira yote. Kipimo hakikuwa kimedanganya hata kidogo, shahidi ndiye aliyeharibika, na aliyemharibu ni mdogo wangu.

Nitasema nilichomwambia, ingawa sijivunii. Nilimwambia anyamaze. “Nani atajua?” nilisema. “Miaka minane umebembeleza watu. Saini, chukua usimamizi wako, kuanzia sasa funga vizuri, basi.”

Akaniangalia kwa huruma, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi kuliko kama angenitukana. “Watakaokuja baada yangu watalinganisha na namba zangu, dada. Wataona chumvi imeshuka ghafla wakati haijashuka. Watatafuta sababu miaka kumi, na sababu ni mimi.”

“Kwa hiyo unataka kujichongea mwenyewe.”

“Nataka wewe unishike mkono nikipiga simu.”

Nilimshika. Nilikuwa nimekasirika, lakini nilimshika. Alipiga palepale nyuma ya kuni, akaongea Kiingereza chake cha taratibu.  Mkuu wake aliuliza maswali machache, na Gwantwa alinitafsiria palepale. Chupa ngapi? Zote. Tangu lini? Tangu siku ya kwanza. Na kuna hata moja, hata moja tu, uliyoikaza kabisa na kuiacha imekazwa?

“Ipo,” Gwantwa akasema. “Ya Novemba, mita sitini. Ipo kwa mama yangu.”

“Haijafunguliwa?”

 Akanitazama, na mimi nikaangalia pembeni. Sote wawili tunamjua mama. Katika nyumba ile hakuna chombo cha maji ya chumvi kilichowahi kulala kimekazwa. Na gundi ilikuwa kwenye redio.

“Sijui,” akasema. “Nitakuja nayo.”

Unaweza kuuliza kwa nini hakwenda moja kwa moja kwa mama, hatua thelathini tu, akamwuliza: mama, ulilegeza? Nami nilimwuliza hivyohivyo, kwa ukali. Akasema akiuliza, mama atataka kujua kwa nini, na akijua kwa nini, atajua kwamba mkono aliomfundisha yeye ndio ulioharibu kazi ya majira mazima. “Amezunguka kijiji kizima akinisifia kusuuza,” akasema, akaanza kulia. “Siwezi kumpa na hilo.”

Basi alimwambia mama kitu kimoja tu, kwamba wataalamu wa kule wanaihitaji ile chupa, wanataka kuipima. Mama hakuuliza chochote. Aliishusha rafuni, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kitenge, akaiviringisha kwenye soksi ileile aliyokuwa ameitunza, akamkabidhi. Gwantwa alipapasa kifuniko. Kilikuwa kimekaza. Lakini hilo halikutwambia kitu, maana mtu anaweza kulegeza miezi sita na kukaza dakika ya mwisho akisikia kuna safari.

Aliondoka kabla likizo haijaisha. Mimi nilirudi dukani, na kwa wiki mbili nilikuwa mtu wa kugombana na kila mteja. Chupa ile ikiwa imelegezwa, hakuna cha kuthibitisha kwamba kipimo kilikuwa sawa. Majira mazima ya namba yangetupwa, na jina la mdogo wangu lingebaki kwenye rekodi ya kituo kama mtu aliyepoteza majira mazima. Ikiwa haijalegezwa, namba zinapona. Yeye mwenyewe haponi, ila namba zinapona. Nilijikuta naomba kwa ajili ya namba, mimi ambaye hesabu zilinitoa machozi shuleni.

Ujumbe uliingia Alhamisi mchana, nikiwa nabandika kioo cha simu ya dereva mmoja. Gwantwa aliandika: “Namba za chupa na za kipimo zimelingana. Mpaka tarakimu ya tatu. Haijawahi kufunguliwa.” Ikafuata habari iliyobaki. Kipimo kimeaminiwa, namba za majira zimepona, ripoti imefutwa. Usimamizi amepewa mwingine. Yeye amebakizwa msimu mmoja kama msaidizi, na kila chupa atakayofunga itakaguliwa na mtu wa pili. Mwisho aliandika: “Mkuu amesema asante kwa kupiga simu. Hajatabasamu, lakini amesema.”

Kioo cha dereva nilikibandika upande. Nilikirudia bure.

Jumamosi nilishuka Ivuna. Nilikuwa na swali lililokuwa linaniwasha. Nilimkuta mama jikoni, nikamwambia maji yamepimwa na yamesaidia sana, ila chupa hairudi, maji yameishia kwenye mashine. Akasikitika kidogo, akasema basi si neno, kama yamesaidia. Ndipo nikamwuliza.

“Mama, ile chupa ulikaa nayo zaidi ya miezi sita. Hukuilegeza?”

“Sikuilegeza.”

“Hata kidogo? Wewe?”

Akacheka, akaweka mwiko chini.

“Mkono ulikuwa unaniwasha kila nikipita hapo, mwanangu, acha tu. Mara nyingine nilishika kifuniko kabisa. Lakini nikakumbuka nilipokuja hapa kutoka kwetu Ileje. Vibuyu vya kwanza nilivikaza, nikavikaza kwa nguvu zangu zote, bibi yenu akanijia juu mbele ya watu. Akasema, ukifika kwa watu fuata mkono wao. Nikafuata, mpaka leo. Sasa nikaiona hii chupa imekazwa namna ile, nikajua, ah, kumbe kule wanakaza. Na mwanangu ameshajifunza mkono wa wenyeji wake. Mimi ni nani nije nimharibie?”

Nilishindwa kumwangalia. Alirudi kukoroga sufuria, kisha akageuka, uso wake umeingia wasiwasi kidogo.

“Au nilikosea? Si ndivyo anavyofanya huko?”

“Ndivyo anavyofanya, mama,” nikamwambia. “Anakaza.”